Mabaka ya Ayuma

Kazi yangu ni kusafisha nyuso za watu, na situmii maji wala sabuni. Nina duka la picha pale sokoni Khwisero, na anayetaka picha ya pasipoti, ya kitambulisho cha kazi au ya kuweka kwenye ratiba ya mazishi huja kwangu. Namketisha kwenye stuli mbele ya kitambaa cheupe, namwambia ainue kidevu, napiga. Kisha namhamishia kwenye kompyuta, na hapo ndipo ninapomtoa chunusi, kovu la kuanguka na baiskeli na makunyanzi ya chini ya macho. Marehemu ndio ninaowapenda zaidi. Hawalalamiki, na watu wao hunishukuru huku wakilia kwamba mzee ametokea kijana.

Mimi mwenyewe nilikuwa na mabaka. Mawili makubwa, moja kila shavu, rangi ya chai ya rangi iliyochemka ikasahaulika jikoni, na jingine juu ya mdomo, lililonipa sura ya mtu aliyekunywa uji asijipanguse. Yalianza nikiwa msichana mkubwa, yakaenea, yakapapenda, yakakaa. Picha yangu ya mwisho niliipiga nilipokuwa nafungua duka, kujaribu kamera. Ilibaki kwenye kompyuta bila kuguswa. Sijui kwa nini sikuisafisha. Nadhani niliona haya kujidanganya mwenyewe.

Mwanamke mwenye mabaka namna hiyo huulizwa habari za watoto. Ni kweli wengi huyapata wakiwa wajawazito, basi kila mama anayekuja kupigwa picha hujifanya daktari. "Hayo yatatoka ukishazaa," aliniambia mmoja huku akijichana mbele ya kioo changu. Mwingine akauliza, "Ni ya kitinda mimba hayo?" Nilikuwa nikijibu ndiyo, tuendelee na kazi. Kuna mmoja nilimwambia mtoto wangu yuko kidato cha pili na anapenda hesabu, akanipongeza.

Sina mtoto. Wanaume wawili walikuja nyumbani kuuliza habari zangu, nao wakaondoka jinsi walivyokuja, na miaka ikaenda. Nilibeba alama za uzazi usoni bila kuzaa, na jambo hilo lilinikata maini kuliko nilivyowahi kumwambia mtu. Ningemwambia nani, kwanza?

Nilikuwa na baba.

Baba yangu anaitwa Barnaba Osundwa, na amekula chumvi nyingi. Tunaishi wawili. Mama alishatutangulia, na kaka yangu Willis yuko Nairobi, ambako huwa na shughuli. Mchana nikiwa dukani, mzee hukaa na Kukhu Nafula, mjane wa jirani yetu. Kukhu ni bibi kwa lugha yetu, na huyu kila mtu humwita hivyo, hata watu wanaokaribia umri wake.

Kanisani nilibatizwa Pascalia. Nyumbani nikaitwa Ayuma, jina la marehemu mama yake baba, bibi aliyekufa kabla sijazaliwa na ambaye hakuacha hata picha moja. Kwetu mtoto akirithi jina huhesabiwa kuwa amemrithi na mtu mwenyewe. Kwa hiyo tangu nikiwa mchanga wa kubebwa mgongoni, baba ameniita mama. Mama, niletee viatu. Mama leo amekataa kwenda shule. Nilikuwa na miaka sita, baba mzima ananiuliza mbele ya wageni kama nimemruhusu kwenda sokoni, na wageni wanacheka. Nilipenda sana utani huo.

Kitu kimoja tu alininyima. Kuku akichinjwa, firigisi ni ya mwenye boma, na mwenye boma alikuwa yeye. "Mama, hii utaniachia mimi mwanao," alikuwa akisema, kisha anaitafuna polepole, macho kwangu, ili nione vizuri. Nililia kwa hasira zaidi ya mara moja. Hasira hiyo ninayo mpaka leo, msinione mtu mzima.

Baba alipoanza kusahau, alitusahau kwa zamu. Willis akija Krismasi alikuwa akiitwa kwa jina la karani wa miwa aliyekufa zamani, na kuulizwa kwa nini malipo yamechelewa. Kukhu Nafula aliulizwa kila asubuhi ameolewa boma gani. Padri alikuja kumpa komunyo, akaambiwa kwamba kwa leo hatununui kitu. Lakini mimi nikiingia tu mlangoni jioni, mzee uso ulimchangamka.

"Mama, umerudi."

Basi nikavimba kichwa. Nilimwambia Willis kwenye simu, kwa sauti ya mtu aliyeshinda kesi, kwamba mzee ameisahau dunia nzima isipokuwa mimi. Tena alikuwa hali mpaka nimlishe. Kukhu akimpelekea kijiko alifunga mdomo kama mlango wa benki, akashinda na kikombe cha chai, akinisubiri. Jioni nilikaa mbele yake, nikamega obusuma, ugali wetu, nikachovya kwenye mchuzi, naye akafungua mdomo na kula mpaka sahani ikawa nyeupe. Wengine wana waume na wajukuu. Mimi nilikuwa na hilo, na nililihesabu kuwa mali.

Habari za kuchubua ngozi zililetwa dukani na mwalimu mmoja wa shule ya msingi. Mwaka uliotangulia nilikuwa nimempiga picha, ana mabaka kama yangu, nikamsafisha. Sasa akaja tena kwa ajili ya pasipoti. Nikampiga, nikamfungua kwenye kompyuta nianze kazi, nikakosa cha kusafisha. Nikageuka kumtazama yeye mwenyewe pale kwenye stuli. Shavu safi!

"Umejipaka mkorogo?" nikamuuliza, maana mimi sina adabu kwenye mambo hayo.

"Mkorogo gani? Nilienda kliniki ya ngozi Kakamega mjini. Wanakupaka dawa, ile ngozi ya juu inatoka yenyewe pole pole. Rangi yako inabaki ile ile ya kwenu."

Sikulala vizuri siku hiyo, na siku iliyofuata nilifunga duka mapema.

Kliniki iko ghorofani, juu ya duka la mbegu na dawa za mifugo, kwa hiyo unapanda ngazi ukinusa dawa ya kupe na kuingia kwenye chumba kinachonuka maua. Mhudumu aliitwa Chepng'etich, msichana mrefu mwenye mikono baridi. Aliniweka chini ya taa kali akanikagua, na mimi, mtu wa kuwakagua wenzangu kila siku, nikatamani kujificha chini ya kile kitanda.

Akanieleza. Dawa yenyewe ni asidi, lakini ya nguvu ndogo, maana ngozi nyeusi ukiichoma kwa pupa inalipiza kwa kuzidi kuwa nyeusi. Ningerudi mara kadhaa, na kati ya mara moja na nyingine nisubiri ngozi ipone. Nijipake mafuta ya kukinga jua hata kukiwa na mawingu. Nisiibandue ngozi kwa vidole. Nikae mbali na moto wa kuni, kwa sababu joto nalo huyaamsha mabaka. "Na usipake kitu kingine chochote kwa uso, madam. Chochote." Kisha akashika kalamu. "Nyumbani nani atakuangalia?"

"Niko na baba yangu."

"Huyo ni mzee?"

"Mzee sana. Mimi ndiye humwangalia."

"Sawa, lakini nimeuliza wewe. Nani atakuangalia wewe?"

Nikamwambia aandike jirani.

Alinisafisha uso kwa kitu chenye harufu ya spiriti, akanifunika macho kwa pamba, akaanza kunipaka kwa brashi. Mwanzo ilikuwa baridi. Kisha siafu wakaanza kutembea. Kisha siafu wakawa pilipili, nami nikasikia machozi yananitoka chini ya pamba. Chepng'etich alinipepea kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akanishika vidole. "Vumilia, mum. Inaisha saa hii." Nikalala pale uso unawaka, nikijaribu kukumbuka mara ya mwisho mtu kunishika mkono pasipo kutaka kulishwa, nikashindwa. Alipoleta maji ya kuizima dawa nilisikitika kidogo kwamba ameniachilia.

Siku zilizofuata nilikuwa kituko. Kwanza uso ulikauka na kunibana hata kucheka kukawa kazi, si kwamba nilikuwa na la kuchekea. Mabaka yakazidi weusi, nikaanza kumlaani yule mwalimu. Kisha ngozi ikaanza kutoka pembeni mwa mdomo na kwenye kidevu, vipande vyembamba kama maganda ya maharagwe yaliyolowekwa. Vidole viliniwasha kuvibandua, nikavikalia. Sokoni wakasema nimemwagikiwa chai. Sikuwasahihisha. Nilijitanda leso nikapiga picha za watu kama kawaida.

Nyumbani Kukhu Nafula alichukua kazi ya moto. Kulisha ilibaki yangu. Baba alinitazama nikiwa nimejitanda leso yangu, uso mweusi kuliko zamani, akafungua mdomo bila swali.

Nilirudi kliniki mara ya pili, na ya tatu, na nyingine. Nilianza mvua za masika zikinyesha, na mahindi yalikuwa yameshachanua mashambani nilipoanza kuona ninachokitaka. Mabaka hayakuondoka kwa kishindo. Yalififia kidogo kidogo, kingo zikayeyuka, kila mara nikijiangalia naona shavu limepanuka. Nilianza kununua vioo. Niliweka kimoja dukani, kimoja jikoni, kidogo kwenye mkoba.

Baba naye alianza kunikagua. Nikimlisha, alikuwa akiinua mkono na kunisugua shavu kwa kidole gumba, taratibu, akitafuta kitu.

"Mama, uko mgonjwa?"

"Siko mgonjwa, baba."

"Unaisha."

Nikacheka. Nilidhani anasema nimekonda, na kwa mtu wa umri wangu hiyo ni sifa.

Siku Chepng'etich aliponipa kioo na kusema tumemaliza, niligeuza uso huku na huku chini ya taa. Mabaka yalikuwa hayapo. Ukitafuta sana, kwenye mwanga mkali, ungeona kivuli, lakini nani angenitafuta sana? Nikaenda moja kwa moja dukani, nikafunga mlango, nikaweka kamera juu ya kigoda, nikaketi kwenye stuli ya wateja na kuinua kidevu. Nilipojifungua kwenye kompyuta sikuwa na la kufanya. Nilikuwa mwanamke mwenye uso mpana, macho ya usingizi, na ngozi yake yote ya rangi moja. Nikajitazama mpaka mteja akabisha hodi akachoka akaenda. Nilifurahi jamani, siwezi kudanganya. Nilifurahi sana.

Kisha nikataka kumwonyesha mtu. Nikamtumia Willis picha. Akanirudishia ile alama ya kidole gumba. Nikapekua majina yote kwenye simu, kutoka juu hadi chini: wateja, fundi wa umeme, mtu wa karatasi na wino, chama cha kina mama nilichokuwa nimeacha kuhudhuria. Mwishowe nikamtumia Chepng'etich, ambaye alikuwa ameniona saa hiyo hiyo. Akanitumia mioyo na kunikumbusha mafuta ya jua.

Jumapili kanisani, walipoomba wageni wasimame wajitambulishe, mama mmoja wa benchi la mbele aligeuka akanitabasamia akinitia moyo nisimame. Nilicheka peke yangu njia nzima ya kurudi.

Nilimkuta baba kwenye kiti chake mlangoni. Kukhu alikuwa amepika kunde, nami nikanawa, nikachukua sahani, nikaketi mbele yake. Leso niliyokuwa nikijitanda kila nikimlisha nilikuwa nimeiacha kitandani. Nikamega tonge, nikampelekea. Akarudisha kichwa nyuma.

"Wewe ni nani?"

"Ni mimi, baba."

"Mimi ni nani?"

"Ni Ayuma."

Akanitazama jinsi mtu anavyomtazama mwizi anayejitia mteja. "Ayuma ni mama yangu," akasema. "Mama ako na alama hapa, na hapa." Akajigusa mashavu yake mwenyewe, moja baada ya jingine. "Wewe huna. Mama ameenda wapi?"

Nilijaribu yote. Nilimwimbia wimbo wa kanisani anaoupenda. Nilimwonyesha kovu la mguuni nililopata siku aliponifundisha kupalilia. Nikapaza sauti, nikanong'ona. Kila nilivyosogea, yeye alikaza midomo. Mwisho akaniambia kwa upole, kwa sababu baba hakuwahi kuwa mkali kwa wageni, "Rudi kwenu. Mimi sikulangi chakula ya mtu sijui."

Jumatatu hakula. Jumanne alikunywa chai ya Kukhu, nusu kikombe. Nilifunga duka. Nilikuwa nikikaa mlangoni pake na sahani, chakula kinapoa, nalia kimya kimya, naye ananitazama kwa wasiwasi na kuchungulia njia nyuma yangu, akimsubiri mama yake. Mhudumu wa zahanati alikuja akampima, akasema mzee hana ugonjwa mpya, ila kwa mwili ule asipokula hatafika mbali. Willis akasema apelekwe hospitali awekewe mpira wa kumlisha puani. Alisema hayo kutoka Nairobi, na nyuma yake nilisikia televisheni.

Nilimfuata Kukhu Nafula jikoni. Nikasimama mlangoni, mbali na moto, mazoea.

"Kukhu, huyo mama yake alikuwa na mabaka?"

Akaendelea kuchochea. "Ayuma mkubwa? Alikuwanga nayo. Mimi nilimkuta nikiolewa hapa. Hapa na hapa, na juu ya mdomo kidogo. Wewe ulizaliwa safi, kisha yakakuja ukiwa msichana. Sisi wote tukasema, sawa, mwenyewe amefika."

"Mbona hukuniambia?"

"Nikwambie nini?" Akanigeukia, na nikaona kweli haelewi. "Ulikuwa unaitwa mama, na ulikuwa unaitika."

Nikatoka nje nikakaa juu ya jiwe la kufulia. Kwa watu wengine, baba akikuita mama unakimbia kutafuta daktari. Kwetu hakuna aliyeshtuka. Ameniita hivyo tangu nikiwa mchanga, kwa hiyo siku utani ulipoisha na akaanza kumaanisha, hakuna aliyeona tofauti, na mimi juu kabisa kwenye orodha ya wasioona. Nilikuwa nikijigamba kwa simu. Ukweli ni kwamba alikuwa amenisahau pengine wa kwanza, kabla ya Willis, kabla ya padri. Kila tonge alilokula mkononi mwangu lilikuwa la mwanamke mwingine. Nilisikia upweke ambao sikuwa nimewahi kuusikia, hata miaka ile wanaume walipoacha kuja. Upweke ule wa kwanza angalau niliuona ukija.

Nikarudi ndani, nikachuchumaa mbali kidogo na kiti chake asiogope.

"Mzee, una watoto?"

"Ninao. Kijana na msichana."

"Msichana anaitwa nani?"

Akafikiri. "Pascalia," akasema, jina ambalo katika maisha yake yote hakuwahi kuniita. "Ametumwa maji. Yule anakawianga sana." Na akachungulia njia tena.

Ningeweza kumwacha awekewe mpira. Ningeweza pia kukaa kando ya moto kila siku, bila mafuta, nikasubiri mabaka yarudi, na yangerudi, Chepng'etich aliniambia wazi. Lakini yangechukua muda ambao mzee hakuwa nao. Tena nitasema ukweli: sikutaka yarudi. Uso huu ni wangu, niliulilia, niliuungulia. Nilikasirika sana, sijui kwa nani. Kwa bibi yangu marehemu, nadhani, aliyeishi usoni mwangu miaka yote hiyo bila hata kunisalimia.

Alhamisi mchana nilienda dukani, nikafungua kompyuta, nikaitafuta ile picha ya kujaribu kamera. Mabaka yalikuwa pale yote matatu, kamili. Nikaichapisha kwa ukubwa wa uso wa mtu. Njiani nikanunua kuku.

Kukhu alimpika. Nami nikachukua sufuria kubwa ya kuni, nikakwangua masizi kwa kijiko, nikayachanganya na mafuta ya mgando kwenye kifuniko. Nikabandika picha ukutani kando ya kioo. Maisha yangu yote nimekuwa nikiwatoa watu mabaka kwa kubonyeza tu. Kuyaweka ni kazi ngumu, msione hivi. La kushoto lilikuwa na kingo za mawimbi na kidoa chake peke yake karibu na sikio. La kulia lilipanda juu kuliko nilivyokumbuka. Nilipaka, nikafuta, nikapaka tena kwa ncha ya kidole, nikalisawazisha. La juu ya mdomo nililimaliza kwa kidole kidogo. Kukhu alikuwa amesimama nyuma yangu na mwiko. Alijishika mdomo.

Nilichukua sahani nikaenda mbele, jua la saa kumi likiingia mlangoni.

"Mama!" Alijaribu kusimama. "Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa safarini."

"Umekawia."

"Nimekawia, mwanangu." Ndiyo mara ya kwanza nilimwita hivyo. "Fungua mdomo."

Alikula. Alikula kama mtu aliyerudi kutoka shambani, paja, kipapatio, obusuma tonge baada ya tonge, mchuzi ukimtiririka kidevuni nami nikimpangusa. Sikulia, kwa sababu masizi yangeharibika. Mwishoni ikabaki firigisi. Hiyo nilimwachia achukue mwenyewe, kama alivyofanya siku zote. Akaichukua, akaiangalia kila upande. Kisha akairudisha pembeni mwa sahani.

"Hii mpe yule mwanamke."

"Mwanamke gani?"

"Kuna mwanamke anakuwanga hapa." Akashusha sauti, asije akasikiwa. "Ananiita baba. Anakaanga hapo kwa mlango na chakula, analia tu. Mimi nilimfukuza, lakini hakuenda. Nafikiri hana watu wake, mama. Mpe yeye akule."

"Firigisi ni ya mwenye boma."

"Mimi nimeshiba," akasema, na akanisukumia sahani.

Nikaibeba mpaka nje. Nikaiweka juu ya jiwe la kufulia, nikafungua mtungi, nikanawa. Masizi hayatoki kirahisi. Nilisugua kwa sabuni ya kipande, jambo ambalo Chepng'etich angenigombezea siku nzima, maji yakienda meusi miguuni, mpaka nilipogusa mashavu nikayasikia ni yangu. Kukhu alinipa leso nijifute. Nikachukua sahani nikarudi.

Aliponiona alikaza midomo kidogo. Kisha akakumbuka, au akaiona sahani. Akanionyesha kigoda kwa mkono wazi, jinsi alivyokuwa akiwakaribisha wageni zamani, nyumba hii ilipokuwa na wageni.

"Karibu, keti. Usiogope. Mama amekuachia hiyo."

Nikaketi. Niliitafuna polepole, na yeye akanitazama mpaka nikameza.

"Ni tamu?"

"Ni tamu, baba."

Akatikisa kichwa, ameridhika. Tukakaa hivyo tukiangalia njia, watu wachache wakipita na baiskeli. Baada ya muda akanigeukia tena, kwa adabu yake yote, akaniuliza kwetu ni wapi.

Nikamwambia ni hapa karibu.